Vyumba vya Uani Visidharauliwe

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mtaa uliopewa jina la wabeba mizigo leo hauna tena nafasi ya kumlaza mbeba mizigo. Hili ni jambo la kutafakariwa na kila mpenda haki.

Kwa miaka mingi mfanyakazi wa kipato cha chini hakujengewa nyumba na serikali ya kikoloni wala na tajiri. Alihifadhiwa na nyumba ya Kiswahili. Nyumba hiyo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati, na vyumba vitatu kila upande. Nyuma palikuwa na ua wenye jiko, choo na bafu, na aghalabu safu ya vyumba vingine vilivyoongezwa kadiri mwenye nyumba alivyojaliwa. Mwenyewe alikaa chumba kimoja na vilivyosalia akavipangisha. Kuli, fundi cherehani na tarishi walipata malazi karibu na kazi zao, na mwenye nyumba, mara nyingi mama mjane, akapata riziki ya kusomeshea watoto.

Hatusemi kwamba hali ile ilikuwa njema yote. Choo kimoja kwa familia sita si sifa ya kujivunia. Ndiyo maana Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nia ilikuwa kuondoa unyonyaji katika jambo la lazima kwa uhai wa mtu. Hata hivyo, nyumba za Shirika hazikutosha kamwe, na wengi waliendelea kutegemea chumba cha uani.

Sasa nyumba hizo zinavunjwa moja baada ya nyingine. Mahali pake panainuka maghorofa yenye maduka chini na maghala juu. Ardhi imepanda thamani, na hatuwezi kumlaumu mwananchi anayetaka kunufaika na kiwanja alichorithi. Tunachouliza ni hiki: wapangaji wake wamekwenda wapi? Wamekwenda Mbagala, Gongo la Mboto na mbali zaidi. Kuli anayetakiwa sokoni kabla ya alfajiri huamka usiku wa manane, na sehemu ya ujira wake huishia kwenye nauli. Akitafuta chumba karibu, hudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anangoja chake. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984, iliyokuwa kinga yake, ilifutwa mwaka 2005.

Tamaa ya nafasi ya biashara ina hatari nyingine pia. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka papa hapa Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Msiba ule utukumbushe kwamba ujenzi usiosimamiwa ni dhuluma.

Kwamba njia ipo, Magomeni Kota ni ushahidi. Nyumba za zamani zilivunjwa, na mwaka 2022 zikafunguliwa nyumba mpya za ghorofa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale. Lakini kaya hizo zilingoja karibu miaka kumi, na subira ya namna hiyo haimfai mtu anayelipa kodi kila mwezi.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila kibali cha ghorofa katikati ya Jiji kiambatane na sharti la kutenga sehemu ya vyumba vya kuishi kwa kodi nafuu. Pili, wenye viwanja waelimishwe kuhusu Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008, ili wabaki na sehemu yao badala ya kuuza na kuhama. Tatu, katika maeneo ya pembezoni mwananchi anayetaka kuongeza vyumba uani apewe ramani bora na kibali cha haraka, asisumbuliwe kama mhalifu.

Jiji hujengwa na wanaolifanyia kazi. Haki yao ya kulala ndani yake si hisani ya mtu.