Begi la Apwoyo Halipo Kibuye

Pita soko la Kibuye, Kisumu, siku chache kabla ya shule kufunguliwa Januari, utajua watoto hutazama nini Jumamosi asubuhi. Mabegi yanaeleza yote: Spider-Man, Elsa, Ben 10. Mzazi hukagua zipu na mshono, lakini mtoto ameshaamua kwa picha, na mara nyingi yeye ndiye anayeshinda. Mchuuzi analijua hilo. Anapokwenda Nairobi kujaza mali, huangalia sura kwanza, kitambaa baadaye.

Hapo ndipo pesa ya vibonzo ilipo. He-Man alipoanza kuonekana kwenye runinga za Marekani mwaka 1983, wanasesere wake walikuwa tayari madukani tangu mwaka uliotangulia. Kipindi kilikuja kuwauza.

Sisi tumejenga upande wa kipindi tu. Tinga Tinga Tales, vipindi 52, ilichorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa BBC mwaka 2010. Ubongo Kids ilianza TBC1, Dar es Salaam, Januari 2014, ikifundisha hisabati kwa nyimbo za Kiswahili. Mwaka 2021 ikaja Super Sema, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa watayarishaji.

Watazamaji nao wameongezeka. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza kukopesha runinga za sola mwaka 2016, deni likilipwa kidogo kidogo kwa simu, vibonzo viliweza kufika hata boma la mvuvi lisilo na waya wa umeme.

Lakini Kibuye nimezunguka nikimtafuta Apwoyo, sungura mjanja wa hadithi za Kijaluo, kwenye begi, daftari au fulana. Sikumwona. Wala Nyamgondho wa Nyandiwa, aliyemtukana mke aliyemvua ziwani, akabaki akitazama ng'ombe wake wakimfuata majini. Hadithi gani ina picha nzuri kuliko hiyo?

Nashikilia kwamba studio zetu zisiishie kuuza kipindi kwa kituo. Zimuuzie leseni fundi cherehani anayeshona sare za shule Kondele: shilingi 20 kwa kila begi, zilipwe kwa M-Pesa kila Ijumaa. Mkataba huo uandikwe kufikia Agosti, kabla wachuuzi hawajaagiza mali ya Januari.