Barua Zetu Zilibaki Sandukuni

Juma hili hatutaongea juu ya uji wa watoto wala juu ya malipo ya shule. Tutaongea juu ya jambo linalogusa kila nyumba yenye mtoto, dada au mume ng'ambo: barua pepe iliyoandikwa vizuri, ikatumwa, na kumbe haikutoka hata hatua moja.

Somo hili tulilipata kwa machungu. Mwaka wa 2011 tuliishi Liège, kule Ubelgiji, ambako baba watoto alikuwa anasoma. Mama yetu alibaki Bukavu. Simu yake iliibiwa katika soko la Kadutu, kwa hiyo alikuwa anaenda kwenye nyumba ya intaneti, na binti wa pale alimwandikia barua na kumsomea majibu. Siku moja akatuandikia kwamba waganga wamemwona na uvimbe tumboni, wanataka kumpasua, na yeye anangoja neno letu na mchango wetu kabla ya kukubali.

Tulijibu siku ile ile. Tulikuwa tumekwisha kutuma pesa, na ndani ya barua tuliandika namba ya kuchukulia. Kesho yake tukaandika tena kumuuliza kama amezipata. Kimya. Tukaandika ya tatu, na ya nne. Kimya. Tulifikiri labda umeme umekatika Bukavu, au binti wa intaneti amesafiri. Siku ya 11 mdogo wetu alipiga simu kutoka Uvira: «Mama amepasuliwa jana. Amekopa kwa wamama wa AVEC. Anauliza ninyi mko wapi. Anasema Ulaya imewameza.»

Tulikimbilia ordinatere. Barua zote nne zilikuwa zimelala ndani ya sanduku linaloitwa kwa Kifaransa «boîte d'envoi». Ndilo sanduku la barua zinazongoja kutoka. Katika sanduku la barua zilizotoka kweli, «messages envoyés», hamkuwa na kitu tangu siku tulipofika Ubelgiji. Pesa zilikuwa zimengoja siku 11, na mama yetu alikuwa amelala hospitalini na deni.

Mishale miwili ubaoni

Kilichotudanganya ni hiki: barua za mama zilikuwa zinaingia bila shida. Tuliwaza kwamba kama zinaingia, basi zinatoka pia. Jirani wa ghorofa ya chini, fundi wa ordinatere, ndiye aliyetueleza kosa letu. Tangu siku hiyo tunapofundisha jambo hili tunachora mishale miwili ubaoni, mmoja unaingia nyumbani na mmoja unatoka, na kila mmoja una mlango wake.

Fikirieni posta ya zamani. Kupokea barua, ulikwenda na ufunguo wako, ukafungua kisanduku chako, ukachukua. Kutuma barua, ulisimama mbele ya karani, naye alikuwa na haki ya kuipokea au kuikataa. Barua pepe ni vivyo hivyo. Kazi ya kuleta barua kwako inafanywa na njia inayoitwa POP au IMAP: unaonyesha neno lako la siri, unapewa barua zako, hata ukiwa nchi gani. Kazi ya kutoa barua inafanywa na njia nyingine, inayoitwa SMTP, na ile ordinatere kubwa inayopokea barua zako ili izipeleke mbele inaitwa seva ya kutoka. Kwa Kifaransa «serveur sortant».

Njia ya SMTP iliandikwa na Mmarekani Jon Postel mwaka wa 1982. Wakati ule watu wa mtandao walikuwa wachache na waliaminiana. Seva haikuuliza «wewe ni nani?» Barua zilipita katika mlango wenye namba 25, na kila aliyebisha alifunguliwa. Baadaye wakaja wezi na wachuuzi wa uongo. Waliingiza virusi ndani ya ordinatere za watu nyumbani, na zile ordinatere zikawa zinamwaga barua taka kupitia mlango 25, bila mwenyewe kujua. Ndipo kampuni nyingi zinazouza intaneti majumbani, hasa Ulaya na Marekani, zikaamua kufunga mlango huo kwa wateja wao. Ukitaka kutoa barua kwa mlango 25, unakuta ukuta.

Ordinatere yetu ilikuwa imepangwa Bukavu, na ilipangwa kwa mlango 25. Hapa nyumbani iliruka vizuri. Kule Liège kampuni ya intaneti ilikuwa imeufunga. Kila tulipotuma, programu ilijaribu, ikangoja, ikachoka, ikatoa tangazo dogo kwamba seva haijibu. Sisi tulidhani ni intaneti ya polepole kama tulivyozoea, tukalifunga tangazo na kulala.

Njia mbili za kutoka

Mtu anayeishi ng'ambo na kutumia intaneti ya kampuni ya kule ana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutumia seva ya kutoka ya kampuni ile ile inayomletea intaneti nyumbani. Kila kampuni ina yake. Kwa mfano, wateja wa Orange kule Ufaransa wana smtp.orange.fr, wa Free wana smtp.free.fr, na wa Telenet kule Ubelgiji zamani walikuwa na uit.telenet.be. Watu wengi wa zamani walifanya hivyo. Lakini njia hii ina miiba miwili. Kwanza, ukitoka nyumbani na ordinatere yako, ukaenda shuleni, kwa rafiki au nchi nyingine, mara nyingi seva ile inakukataa kwa kuwa hauko tena katika intaneti yake. Pili, barua yako inabeba anuani ya nyumba moja lakini imetoka kwa karani wa nyumba nyingine. Siku hizi wenye anuani wanatangaza orodha ya seva zilizo na ruhusa ya kutoa barua kwa jina lao. Orodha hiyo inaitwa SPF. Seva ya mpokeaji inaitazama, na ikiona barua imetoka kwa seva isiyo katika orodha, inaweza kuitupa kwenye taka. Wewe unaona imetoka, mama hapati kitu.

Njia ya pili ndiyo tunayoipendekeza: tumia seva ya kutoka ya wale waliokupa anuani yako, lakini usipite mlango 25. Tangu mwaka wa 1998 kuna mlango mwingine uliotengwa kwa ajili ya watu wanaotuma barua zao wenyewe, namba 587. Katika mlango huo seva inataka jina lako na neno lako la siri kabla ya kupokea barua. Kwa sababu mwizi hawezi kupita bila kujitambulisha, kampuni za intaneti kwa kawaida zinauacha wazi. Kuna pia mlango 465, ambao mazungumzo yake yamefichwa tangu neno la kwanza. Ukishapanga hivyo, barua zinatoka ukiwa Liège, Nairobi au Bukavu, wala hauhitaji kubadilisha kitu siku ya kurudi nyumbani.

Namna ya kupanga, hatua kwa hatua

Tunachukua programu ya Thunderbird iliyo katika Kifaransa, kwa sababu ndiyo tuliyoitumia. Programu nyingine zina maneno yanayofanana.

Kwanza, fungua «Paramètres des comptes», shuka hadi chini kabisa, utaona «Serveur sortant (SMTP)». Watu wengi hawafiki hapo. Wanatengeneza sehemu ya kupokea tu na kufikiri kazi imekwisha.

Pili, andika jina la seva ya kutoka. Mwenye anuani ya Gmail anaandika smtp.gmail.com. Mwenye ya Yahoo anaandika smtp.mail.yahoo.com. Mwenye anuani ya shule au ya shirika anauliza fundi wa pale.

Tatu, mahali pa «port», futa 25, andika 587, kisha chagua usalama wa STARTTLS. Kama 587 inakataa, andika 465 na uchague SSL/TLS. Msichanganye hizo mbili: kila mlango na kufuli yake.

Nne, mahali pa jina la mtumiaji, weka anuani yako nzima, isipokuwa fundi amekuambia jina lingine. Usiache sehemu ya kujitambulisha ikisema «pas d'authentification». Hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kupita yote.

Tano, kwa Gmail, programu mpya inafungua ukurasa wa Google ili uingie hapo kwa neno lako la siri. Programu ya zamani isiyojua kufanya hivyo inahitaji neno la siri la pekee lenye herufi 16, ambalo Google inakutengenezea baada ya kuwasha ulinzi wa hatua mbili.

Sita, na hili msilisahau: jitumie barua wewe mwenyewe, kisha mtumie mtu mwingine mwenye anuani ya kampuni nyingine. Tazama kama imehamia katika «Envoyés», na ungoje mtu yule ajibu. Mpaka amejibu, usiseme umetuma.

Na kama kuna haraka na mipango inakataa, usikae kupigana na programu. Kampuni nyingi za barua zina ukurasa wao wa intaneti. Fungua Gmail au Yahoo ndani ya ukurasa huo na utume kutoka pale. Huko barua haipiti kwa mlango 25 wa nyumba yako. Kama tungelijua hilo, mama yetu asingelikopa.

Kabla mtoto hajapanda ndege

Wamama wengine watasema: siku hizi tuna WhatsApp, barua pepe ya nini? Ni kweli, kwa salamu na picha za wajukuu WhatsApp inatosha. Lakini mambo ya kuandikishwa chuoni, ya viza, ya kazi, na ya ripoti za vyama vyetu kwa wafadhili bado yanapita sana kwa barua pepe. Na jibu likichelewa, wao hawaulizi kama mlango ulikuwa umefungwa. Wanafunga faili.

Kwa hiyo mtoto akiwa tayari kusafiri, kaeni naye jioni moja mfanye mambo matatu. La kwanza, aandike katika daftari majina ya seva zake mbili, ya kupokea na ya kutoka, pamoja na namba za milango. Neno la siri asiliandike humo. La pili, kama akaunti yake inatuma namba ya ulinzi kwa simu, ajue kwamba laini ya Kongo inaweza kukosa mtandao kule, na namba isimfikie. Google inatoa namba 10 za akiba. Azichapishe kabla ya safari, azitunze mahali pa siri. La tatu, mpatane juu ya njia ya pili: jirani mwenye simu, mjomba, au katibu wa chama chetu. Njia moja ikizibika, nyingine iseme.

Nasi tulio hapa nyumbani tuna kazi yetu. Tukipokea barua, tujibu hata kwa neno moja: «Nimepata.» Na tusipopata, tutazame kwanza ndani ya sanduku la barua taka, kisha tuulize kwa njia nyingine, siku ya tatu, si siku ya 11. Tusianze na hasira.

Siku zilipotoka

Fundi wetu wa Liège alibadilisha 25 kuwa 587, akaweka jina na neno la siri, akabonyeza. Barua zote nne zikatoka kwa mara moja. Bukavu, binti wa intaneti alizichapisha na kuzipeleka hospitalini siku ya posho, akamsomea mama mbele ya wamama wawili wa AVEC waliokuja kumwona. Kila barua ilikuwa na tarehe yake juu: siku ile ile aliyoandika, kesho yake, na kuendelea. Pesa alizichukua baadaye, akalipa deni pamoja na faida yake.

Mama alipona. Lakini tuliporudi nyumbani alitueleza kwamba katika zile siku 11 hakuogopa kisu cha waganga kama alivyoogopa kwamba amezaa watoto wasiojibu. Zile karatasi nne bado anazo, zimekunjwa ndani ya Biblia yake. Sisi tulizitazama tena mwezi uliopita. Mambo yote aliyohitaji yalikuwa ndani yake.

Kwa hiyo, mwenye mtoto ng'ambo aliyenyamaza, kabla ya kulia mbele ya majirani, mtafutie njia nyingine umuulize: «Mwanangu, barua zako ziko katika sanduku gani?» Na anayehitaji msaada wa kupanga ordinatere, atukute kwenye mkutano wetu wa siku ya posho, baada ya hesabu za akiba. Alete ordinatere yake na waya wake wa umeme. Tutaifungua pamoja.