Kuchagua Kamera Ndogo

Wenzangu wengi wakitaka kununua kamera huuliza kwanza ina megapikseli ngapi. Mimi nawashauri waitazame lenzi. Krismasi iliyopita nilimpiga picha nyanya yangu, mzaa mama, usiku kwa mwanga wa chemli, kwa lenzi ya kuvuta karibu yenye f/3.5. Uso ulitoka ukungu mtupu, na kabla ya Pasaka alikwisha kufariki. Siku hizi natumia lenzi isiyovuta, ya milimita 20, yenye f/1.7, katika kamera ya Micro Four Thirds, aina iliyoanzishwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008. Namba hiyo ikipungua, tundu huongezeka: lenzi hii huingiza mwanga mara nne ya ile. Nikitaka uso mkubwa, nasogea kwa miguu yangu.