Nambari za pakiti zinavyoweza kumwokoa msagaji unga

NOVEMBA 2019, Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa nchini Kenya (KEBS) lilisimamisha vibali vya chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na unga huo ukaagizwa uondolewe madukani. Kiwango cha juu kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila bilioni.

Agizo kama hilo likimfikia msagaji mdogo asiyeweza kutofautisha unga wa Jumatatu na wa Alhamisi, hana budi kurudisha wote, mzuri na mbaya.

Printa ya wino inayofungwa kando ya mashine ya kupakia huweza kupiga tarehe, nambari ya kundi, na nambari ya kila pakiti. Nambari ya kundi haibadiliki hadi mahindi yabadilike. Ya pakiti huongezeka yenyewe kila pakiti inapopita mbele ya kitambuzi.

Kabla ya kuiwasha, printa huhitaji kuambiwa nambari ya kuanzia, ya mwisho, iongezeke kwa ngapi, na irudiwe mara ngapi. Wengi huteleza kwenye tarakimu. Mashine inayopakia pakiti 30 kwa dakika ikipewa tarakimu 4, baada ya saa 5 na nusu hivi nambari zimekwisha, na pakiti nyingine ya 0001 inatoka siku hiyo hiyo! Tarakimu 6 zinatosha, na sufuri za mbele zisiachwe.

Kwenye robota la pakiti 12, ikiwa alama hupigwa pande mbili, kila nambari irudiwe mara 2. La sivyo robota moja litahesabiwa ghalani kama mawili.

Stima nayo hupotea. Printa nyingine hukumbuka zilipofikia, nyingine huanza upya. Heri mnunuzi aizime na kuiwasha mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Pakiti ikipasuka, hesabu isirudishwe nyuma, bali nambari hiyo iandikwe kuwa imeharibika.

Kazi iliyobaki ni ya daftari, maana printa haijui mahindi ni ya nani. Kila magunia ya mkulima mwingine yanapofunguliwa, kinu kisafishwe, kundi jipya lianzishwe, na jina lake liandikwe pamoja na nambari ya pakiti ya kwanza na ya mwisho. Hapo mkulima aliyekausha mahindi yake vizuri hatanyimwa malipo kwa sumukuvu ya jirani.