Ndege kwa Wavu, Nondo kwa Taa

Jua halijachomoza kwenye rasi ya Portland, kusini mwa Uingereza, lakini watu wako nje tayari. Kati ya vichaka wanatandaza nyavu nyembamba mno, ambazo ndege hazioni mpaka zimemnasa. Hiki ni kituo cha kuchunguza ndege kilichofunguliwa mwaka 1961 katika mnara wa zamani wa taa, uliowahi kuongoza meli.

Wavu una mikunjo kama mifuko. Ndege akiugonga hudondokea humo. Wanaomnasua ni wenye mafunzo na leseni, nao huzizungukia nyavu kila mara asije akadhurika kwa baridi. Hutiwa kwenye kifuko cha kitambaa, kwa kuwa giza humtuliza. Mezani huvishwa pete nyepesi mguuni, yenye namba asiyokuwa nayo ndege mwingine. Bawa hupimwa kwa rula, kisha mpimaji hupuliza manyoya ya tumbo ili aone mafuta chini ya ngozi.

Mafuta hayo ndiyo masurufu ya safari. Yupo ndege mmoja wa kijani na manjano, Phylloscopus trochilus, mwenye uzito wa gramu 9 hivi, kama vijiko viwili vya chai vya sukari. Ulaya ikianza kupoa, huyo huja Afrika, kusini mwa Sahara. Asiponenepa kwanza, jangwa litamshinda.

Kisha hufunguliwa mtego wa nondo, hao ndugu wa kipepeo warukao usiku. Ni sanduku lenye taa kali iliyowaka hadi alfajiri; ndani mna trei tupu za mayai, na katika kila kishimo amejibanza mdudu. Huhesabiwa, huandikwa, kisha huachiwa vichakani.

Kwa nini nondo huizunguka taa? Wengi waliamini kwamba huidhania mwezi. Utafiti wa kamera za kasi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha jambo jingine: mdudu akiruka huupa mwanga mgongo, kwa kuwa tangu kale upande wenye mwanga usiku ni wa juu, angani. Taa ikiwa ubavuni mwake, huinamisha mgongo kuielekea, akajikuta anazunguka. Kumbe haipendi taa; imempoteza tu, hajui tena juu ni wapi.

Ndege nao hupotezwa. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi nchini Kenya, usiku wa ukungu usio na mwezi, Novemba na Desemba, taa za hoteli huwashusha ndege wasafiri kutoka Ulaya na Asia kwa maelfu. Tangu 1969 wataalamu huwavisha pete hapohapo.

Lakini pete ni barua inayongoja msomaji. Zamani Ulaya wapo walioamini kwamba mbayuwayu hulala kwenye matope ya madimbwi wakati wa baridi. Pete ilionyesha wanakokwenda: Mei 1911, mmoja alivishwa pete Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 akakamatwa shambani Natal, Afrika Kusini, na mtu mmoja wa huko akaandika barua kutoa habari. Bila barua hiyo, pete ingekuwa kipande cha chuma tu.

Basi ukimwokota ndege aliyekufa mwenye pete, usiitupe. Nakili namba na maandishi yote, taja mahali na tarehe, upeleke habari makumbusho ya taifa. Kuna mtu aliyeianza barua hiyo alfajiri moja, kando ya wavu.