Fahamu: Kitufe cha wasichana wa Kisumu dhidi ya ukeketaji
Mwaka 2017, wanafunzi 5 wa shule ya Kisumu Girls, Kenya, walikwenda Marekani kwenye shindano la teknolojia la Technovation na programu yao ya simu, i-Cut. Jamii yao, Waluo, haikeketi wasichana. Lakini rafiki yao alikeketwa, hakurudi tena shuleni.

Programu hiyo ilikuwa na vitufe 5, vikiwemo vya kuomba msaada na kuripoti. Sheria ya 2011 imeharamisha ukeketaji, sawa. Ila binti amwambie nani, ikiwa waliomwita ngariba ni watu wa nyumbani kwake?

Kasoro ni moja, nayo si ndogo: kitufe kinahitaji simu, na binti wa kijijini mara nyingi huazima ya baba yake.