Kutoka Kilosa Kwenda Salamanca: Lipi Kweli, Lipi Uzushi?

Kijana wa Kilosa au Mikumi akisema anakwenda kusoma Hispania, watu humpongeza, kisha huuliza: Madrid au Barcelona? Akijibu Salamanca, pongezi hupoa. Ni mji usiofika watu laki mbili, na hauna timu ya mpira inayotajwa vijiweni. Hapo ndipo kila mtu anapokuwa mtaalamu wa Hispania. Nimeyachukua yale yanayorudiwa sana, kutoka stendi ya Mikumi hadi sokoni Kilosa, na kila moja nimelipa hukumu yake.

"Mji mdogo, chuo cha kubahatisha."

Si kweli. Chuo Kikuu cha Salamanca kilianzishwa mwaka 1218, zaidi ya miaka 300 kabla ya Madrid kuwa makao makuu ya ufalme mwaka 1561. Na si Hispania tu: nchi nyingine zinazozungumza Kihispania nazo huweka elimu mikoani. Wazanzibari wanalijua hilo: mafunzo ya udaktari yaliyoanza visiwani mwaka 2007 kwa msaada wa Kuba yalishirikiana na chuo cha tiba cha Matanzas, mji wa mkoani, wala si Havana. Na mtu wa Kilosa hana sababu ya kushangaa. Utafiti wa mbegu wa Ilonga uko hapa hapa wilayani, na mkulima aliyepanda mahindi ya Staha hakuuliza kwanza kama yalitoka mjini.

Udogo wa mji una faida nyingine. Barcelona utakuta masomo mengi yanafundishwa kwa Kikatalani, na kahawani utajibiwa Kiingereza kabla hujamaliza sentensi yako. Salamanca muuza mkate hana muda huo. Utasema Kihispania au utaondoka bila mkate.

"Kihispania ni kigumu kwa sisi Waswahili."

Si kweli, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu Mswahili anaanza safari akiwa mbele ya Mwingereza. Vokali ni tano zilezile, a, e, i, o, u, na hazibadiliki ovyo. Ile ñ inayowatisha watu ni ny ya nyumba. Herufi z, kwa matamshi ya Hispania ya kati na kaskazini, ni th ya thelathini. J ni kh ya kheri. Mwingereza huhangaika miezi na sauti hiyo ya mwisho. Aliyepita madrasa ya Kimamba anayo tangu utotoni.

Sarufi nayo haimgeuki. Kivumishi kwa kawaida hukaa baada ya nomino na hufuata upatanisho wake: *casa blanca*, nyumba nyeupe, *libro blanco*, kitabu cheupe. Anayepanga ngeli zetu zote bila kufikiri hatashindwa na jinsia mbili. Mtendaji yumo ndani ya kitenzi, kwa hiyo *hablo* inatosha kama "nasema" inavyotosha. Hata ile hali inayowatoa jasho Waingereza, *quiero que vengas*, ni "nataka uje" tu, na kitenzi chetu pia hubadilika mwisho wake.

Ugumu upo, na upo mahali pengine. Vitenzi vyao vingi havifuati kanuni, nyakati zilizopita ni zaidi ya moja, na watu huongea kwa kasi. Wale wenzangu wanaochanganya r na l wafanye mazoezi mapema: *pero* ni lakini, *perro* ni mbwa, *pelo* ni nywele. Kinyozi anaweza kukuelewa vibaya.

"Ukishafika, kibarua kitakulipia ada."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowaumiza watu. Sheria ya Hispania inamruhusu mwanafunzi wa elimu ya juu kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki, mradi zisigongane na masomo. Lakini hupati viza kwa ahadi ya kibarua. Lazima uonyeshe una fedha za kujikimu kwanza. Kipimo ni kile wanachokiita IPREM, ambacho tangu mwaka 2023 ni euro 600 kwa mwezi, yaani euro 7,200 kwa mwaka mzima, mbali na ada na bima ya afya. Na mji wa wanafunzi maelfu hauna migahawa maelfu. Kila kazi ya kubeba sahani ina foleni yake.

Kwa shahada ya uzamili kuna njia safi zaidi. Programu za Erasmus Mundus, ambazo nyingine hupitia vyuo vya Hispania na hufundishwa kwa Kiingereza, huwalipa wanaopata ufadhili euro 1,400 kwa mwezi. Ushindani ni mkali, ila hakuna anayekuuliza baba yako ni nani.

"Cheti cha kidato cha sita kinatosha."

Si kweli. Anayetaka shahada ya kwanza katika chuo cha umma lazima cheti chake kilinganishwe na kile cha sekondari cha Hispania, na maombi ya wanafunzi wa mifumo ya nje kwa kawaida hupitia chuo kiitwacho UNED, kwa huduma yao ya UNEDasiss. Vyeti vithibitishwe, vitafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa. Kazi hiyo ni ya miezi, usiianze wiki ya kusafiri.

"Muislamu atakufa njaa, kule ni nguruwe tu."

Nguruwe ni kweli: mkoa wa Salamanca unajivunia mapaja ya nguruwe ya Guijuelo, na mafuta yake hujificha hata kwenye biskuti, kwa hiyo soma maandishi ya pakiti. Njaa si kweli. Dengu, maharage, mayai, samaki na wali vipo kila mahali, na sufuria yako hakuna atakayekunyang'anya. Tabu kubwa ni saa: mchana wanakula saa nane au saa tisa, usiku saa tatu au nne. Mtu aliyezoea kulala mapema ataona dunia imepinduka.

"Kuna baridi."

Kweli. Mji uko juu, kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Januari maji huganda. Koti la mitumba la Morogoro halitoshi.

"Watakushangaa na watakubagua."

Kweli kiasi. Kushangaa, ndiyo, kama watoto wa Mikumi wanavyomkimbilia mgeni na kumwita mzungu. Kubaguliwa pia hutokea, hasa unapotafuta chumba: kwenye simu kipo, ukifika kimeshachukuliwa. Wanafunzi wengi hupita kwenye ofisi ya malazi ya chuo kwa sababu hiyo, au hupanga nyumba kwa pamoja na wenzao. Wala hutakuwa Mwafrika wa kwanza kuonekana. Guinea ya Ikweta ina Kihispania kama lugha rasmi, na watoto wake wamesoma Hispania kwa vizazi.

"Shahada ya huko haitambuliki Tanzania."

Inategemea, na hapa fungua macho. Chuo kimoja cha Hispania kinaweza kutoa shahada za aina mbili: ile rasmi, *título oficial*, na ile ya chuo chenyewe, *título propio*. Bei zinaweza kufanana na karatasi zote zikapendeza, lakini ya pili haina nguvu ya serikali yao, na wewe ndiye utakayesimama mbele ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kuomba utambuzi. Serikali ya Hispania ina daftari la wazi la vyuo na shahada rasmi, liitwalo RUCT, na kulisoma ni bure. Kabla hujamtumia wakala hata shilingi moja, litafute jina la kozi yako humo. Usipoliona, usilipe.